Dari ya Bi Radhiya

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimeamua: sinunui chochote bila mtu wa kunishika mkono. Naandika hapa ili nikijisahau nijisute mwenyewe.

Jabez ndiye aliyenitia hofu. Tunafundisha shule moja hapa Amu, yaani Lamu, yeye Kemia, mimi Hesabu, na vyumba vyetu vya kupanga vinatazamana huku mtaa wa Langoni. Mwaka jana alinunua shamba upande wa Hindi, kule bara, akatupikia pilau ya kusherehekea. Alipokwenda kuweka ua akakuta watu wengine wamekuja na fito zao, kila mmoja akiamini shamba ni lake. Mpaka leo ukitaja neno shamba mbele ya Jabez, anainuka kwenda kunawa mikono isiyo na uchafu.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Kwetu mpaka wa shamba unaujua tangu unachunga ng'ombe, huhitaji kuonyeshwa. Hapa nimefundisha watoto wa watu miaka minne na bado napotea vichochoroni mwa mtaa wa Mkomani, halafu najiona mjanja wa kununua nyumba! Roselyn, mke wangu, aliniambia kwa simu: "Baba Imani, tafuta mtu mzima, anayeheshimika, asiye na haraka. Ukimpata huyo ndio ufungue mkono." Nikamwambia nitampata. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Jumatano, 9 Aprili

Nadhani nimempata. Anaitwa Bwana Shuaib. Ana nyumba za mawe Mkomani, anazitengeneza polepole na kupangisha wageni. Nilimkuta barazani kwake baada ya Alasiri, kanzu imepigwa pasi, anakunywa kahawa na jirani yake, mzee Bakr. Nilitarajia maneno matamu. Badala yake akaniuliza kwa nini nataka nyumba mahali ambapo sina hata mjomba.

"Nikistaafu niwe na kitu," nikasema.

"Kitu kina wenyewe, Mwalimu. Mimi sikukatazi. Lakini usinunue yeo wala kesho. Tembea na mimi masika haya. Mvua hukuonesha nyumba yote, yuu na tini."

Kiamu chake nimeanza kukizoea: yeo ni leo, yuu na tini ni juu na chini. Mtu asiye na haraka. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na mimi si mtu wa mluzi.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Shuaib amenipeleka bara, huko Hindi, kutazama ploti ambayo dalali mmoja alikuwa ananipigia simu kila siku kuihusu. Tulivuka hadi Mokowe, tukapanda bodaboda. Dalali alitupokea kwa soda. Alieleza barabara itakapopita, umeme utakapofika, na jinsi nilivyozaliwa na bahati. Bwana Shuaib alimwacha aseme, kisha akauliza jambo moja tu: mikorosho ile iliyopandwa kwa mstari, aliipanda nani? Dalali akaanza kutafuta kitu mfukoni.

"Mwalimu, turudi. Mikorosho hii ina mwenyewe," akasema Bwana Shuaib.

Tukiwa kwenye boti simu yake ililia. Ni dalali. Aliiweka nisikie na mimi. Yule bwana alikuwa anamwahidi fungu lake kama angenirudisha. Bwana Shuaib akamjibu, "Ogopa Mungu," akakata, akaendelea kutazama mikoko. Nilijisikia kama mtu ambaye mlango wake umefungwa vizuri.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemsimulia Roselyn. Safari hii hakucheka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya kanisa nilikuta sinia ya chakula kutoka kwa Bwana Shuaib, imefunikwa kawa. Jabez alikula zaidi yangu, halafu akasema, "Huyu mzee anataka nini kwako?" Nilimkemea. Mtu akitapeliwa mara moja anaona kila mkono unaompa ni wa kumpokonya.

Jioni nilionyeshwa nyumba. Iko Mkomani ndani kabisa, ghorofa moja, milango ya zamani, kuta nene. Bwana Shuaib aliinunua kwa warithi wa mwenye nyumba aliyefariki. Hakunificha lolote. Chini anaishi Bi Radhiya, dada wa marehemu, ambaye kaka yake aliusia asitolewe na mtu. Juu ni patupu. Mpango ni kwamba mimi niingie ubia wa juu, nisimamie kazi kwa macho yangu, nijifunze. Siku nyumba yote itakapokuwa wazi, nami nitakuwa na sehemu yangu.

"Na Bi Radhiya?" nikauliza.

"Ni mzee wetu. Hapana wa kumgusa."

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nimepewa ufunguo wa dari, ndilo paa la ile nyumba. Baada ya swala ya Ijumaa Bwana Shuaib aliniita barazani, kukawa na kahawa na halwa, Bakr na majirani wengine wameketi. Akasimama akasema, "Kuanzia yeo dari ya nyumba ile iko kwa Mwalimu Fanuel." Akaniwekea ufunguo kiganjani, mrefu, wa chuma. Wazee wakaitikia, mmoja akaniombea dua. Nilidhani ni heshima tu, jinsi watu wanavyomtawaza mgeni. Nilipouliza maana yake Bakr akanitazama kidogo kisha akasema, "Maana yake mai, maji haya ya mvua, yakishuka kwa aliye tini, huulizwa wewe."

Nikacheka. Bwana Shuaib naye akacheka. Bakr hakucheka.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Mvua ya kwanza imenyesha gwaride likiendelea, watoto wakapiga kelele kwa furaha.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepanda darini kwa mara ya kwanza. Kwetu paa ni bati, maji yanateleza yanakwenda zake. Hapa dari ni tambarare, chokaa na mawe juu ya boriti, na maji yanatoka kwa mlizamu, yaani kile kidomo cha mbao kinachochungulia nje ya ukuta. Nilikuta dari imegeuka bwawa. Maji yalinifika vifundoni. Mlizamu ulikuwa umezibwa. Niliinama nikauchungulia: ndani kuna matambara, na juu ya matambara saruji imekwisha kukauka.

Nikateremka mbio kwa Bwana Shuaib. Alikuwa anamenya chungwa.

"Mafundi wa zamani wale," akasema. "Uwate kwanza, usiuguse. Ukiutindua na mvua hii utavunja ukuta. Ngoja kiangazi." Akanipa nusu ya chungwa.

Ilikuwa na mantiki. Nilikula chungwa.

Nikitoka nilipita kwa Bi Radhiya kumsalimu. Ni mwanamke mdogo wa umbo, anavaa miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi, na ana ulimi. "Sabalkheri, Bi Radhiya." "Sabalkheri. Ndiwe mwenye dari mpya? Mbona mwembamba hivi? Mkeo yuwapi?" Nikasema yuko Vihiga. "Basi ndiyo sababu." Sebuleni kwake palikuwa na beseni, na tone moja linaangukia humo, linatulia, linaanguka tena.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kutwa. Daftari za Kidato cha Pili zimeloa.

Jumamosi, 10 Mei

Mabeseni yameongezeka. Ukuta wa kibla umefura na chokaa inabanduka ukiigusa kwa kidole. Bi Radhiya amesogeza vitu vyake katikati ya chumba, anazunguka humo akikinga maji na kuyamwaga kichochoroni. "Nyumba inalia," akasema, kisha akacheka, kisha akaniuliza kama nimekuja kutazama au kusaidia. Nilimwaga mabeseni hadi mgongo ukanikatika.

Nikapitia tena kwa Bwana Shuaib. Safari hii niliuliza bila kuzunguka: nyumba ikifikia kuanguka itakuwaje? Alinijibu kwa utulivu ule ule aliotumia Hindi, mwalimu mzuri haswa. Nyumba za kale, akasema, huruhusiwi kubomoa. Ukitaka kutoa jiwe moja wahifadhi wa mji wa kale watakuja na kamera. Lakini ile inayoanguka yenyewe kwa mvua, hiyo ni amri ya Mungu. Utasafisha kifusi, utajenga upya, vyumba vya wageni juu na chini.

"Lakini kuna mtu ndani."

"Kuna mtu ndani," akakubali. Akaagiza kahawa nyingine.

Nimekaa na maneno hayo tangu jioni. Nilikuwa natafuta mtu asiye na haraka. Sikujiuliza anangoja nini.

Jumanne, 13 Mei

Mvua.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Katikati ya kipindi cha pembe tatu nilisahau nilichokuwa naeleza.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeuzibua mlizamu. Niliazima patasi na nyundo kwa fundi mmoja nikapanda peke yangu, nikaitindua ile saruji vipande vipande, nikavuta matambara. Yalitoka marefu, meusi, yananuka. Ukuta haukuvunjika. Maji yakaanza kumwagika kichochoroni kwa kishindo, punda aliyekuwa amefungwa pale akaruka. Nilipiga kelele ya furaha kama mtoto wa gwaride.

Nilijiandaa kugombana na Bwana Shuaib. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa macho ambayo sijui niyaite nini, karibu na mapenzi.

"Vyema," akasema. "Una moyo mzuri, Mwalimu. Niliuona tangu siku ya kwanza."

Ningependa angenitukana.

Jumatano, 21 Mei

Nimechelewa. Jana na juzi mvua ilikuwa ya kawaida tu, lakini boriti zilikwisha kunywa maji ya wiki karibu tatu. Leo mchana, nikiwa kwa Bi Radhiya, kipande cha chokaa kipana kilianguka mahali ambapo yeye hukaa kukuna nazi. Alikuwa jikoni. Nikatazama juu: boriti ya katikati imepinda, nyingine ina ufa ambao kidole kinaingia.

Nikamwambia ahame. Nilisema kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikasihi. Alisimama katikati ya vumbi akaniangalia juu ya miwani.

"Shuaib alinambia zamani," akasema. "Kwamba nyumba itaniangukia, nihame. Kila masika waniletea mtu wa kunambia. Yeye akaja, wakaja wanawe, akaja fundi. Sasa wewe. Mwenye faida nikitoka ni nani, mwanangu? Si wewe na yeye?"

Ni kweli. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye anapaswa kumwamini, na mimi ndiye pekee ninayemwambia kweli. Nilimtafuta Swafiya, mpwa wake anayeshona nguo Langoni, naye akalia akasema amejaribu mpaka amechoka. Nikamwendea Bakr. Bakr akasema, "Dari iko kwako." Hasira ilinipanda hadi masikioni. Watu hawa wote wameketi wakitazama, na adabu zao!

Ijumaa, 23 Mei

Nimetembea na mbao begani mtaa mzima. Nimeweka nguzo mbili chini ya boriti iliyopinda. Zinasimama kwa sababu hazijaambiwa zianguke.

Jumamosi, 24 Mei

Nimehamia kwa Bi Radhiya.

Asubuhi nilichukua godoro langu, nikapita nalo mbele ya baraza bila kumsalimu mtu, nikalitandika chini ya ile boriti yenyewe. Bi Radhiya alikuwa anachagua mchele. "Nini hiki?" Nikamwambia kama dari ni yangu, basi na mimi nitakuwa chini yake. Ikianguka itaanza na mimi. Nikajilaza pale na viatu vyangu, nikifungua daftari za kusahihisha. Nilikuwa naogopa kweli. Kila nilipotia tiki nilikuwa nasikia vumbi laini likidondoka kwenye karatasi.

Alichagua mchele wake mpaka ukaisha. Akaupika. Akaniletea sahani pale godoroni, akachuchumaa karibu yangu, akatazama juu kwa muda mrefu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitazama ile boriti kwa macho yake na si kwa macho ya Shuaib.

"Mtu atakaye mali yangu hangelala hapa," akasema polepole.

Akasema atakwenda kwa Swafiya, kwa mkeka wake na nguo zake, mpaka dari itengenezwe.

Nilitoka nje nikalia. Niliporudi nilimkuta Bwana Shuaib amesimama mlangoni kichochoroni, ametoka msikitini, hakuvuka kizingiti. Nikamwambia Bi Radhiya amekubali kuondoka kwa muda, na kwamba nitaitengeneza hiyo dari hata kama nitauza pikipiki yangu ya Vihiga. Alitikisa kichwa kwa heshima.

"Lakini usimlaze mzee tini kwa mkeka, Mwalimu. Ni aibu. Na baridi hii."

Hata katika hili alikuwa sawa.

Jumapili, 25 Mei

Tumemhamisha. Jabez alikuja kunisaidia. Bi Radhiya alitaka kitanda kisalie. Kitanda chenyewe ni cha zamani, miguu ya kuchongwa, kamba mpya. Nikambishia. Nikamwambia mvua itakioza, na yeye ataumwa mifupa kwa mpwa wake. Akashika nguzo ya kitanda.

"Kisalie, Mwalimu."

"Bi Radhiya, ni siku chache."

"Waniapia kitarudi? Wewe, mwenye dari, waniapia?"

Niliapa. Nilimtaja Mungu na watoto wangu. Aliniangalia kwa makini, akaiachilia ile nguzo. Mimi na Jabez tukakibeba kichwani tukapita nacho mbele ya baraza. Wazee wote waliinuka wakasimama. Nilidhani wanamheshimu Bi Radhiya, aliyekuwa anatufuata na mwavuli.

Jumatatu, 26 Mei

Naandika polepole, nisiruke neno.

Nilipotoka shule nilipita barazani. Bwana Shuaib alisimama akanipa mkono kwa mikono miwili. Kulikuwa na halwa. "Hongera, Mwalimu. Mimi nimeshindwa miaka mingi."

"Kwa lipi?"

Alimtazama Bakr, na Bakr, akitazama kikombe chake, ndiye aliyesema.

"Marehemu aliwata sharuti katika wasia wake. Maadamu kitanda cha Radhiya kimo ndani, hapana wa kumtoa. Kikitoka kwa hiari yake, haki yake imetoka nacho. Kila mtu Mkomani ayua."

"Mimi sikujua!"

"Sisi tulidhani wayua. Wewe ndiwe mwenye dari. Na hukuuliza."

Nikamgeukia Bwana Shuaib. Nilisema mengi, mengine kwa Kiluhya. Alingoja nimalize.

"Nambie uongo mmoja niliokwambia," akasema.

Nimekuwa nikiutafuta tangu hapo. Nimepekua kila siku ya daftari hili. Hindi alisema kweli. Kuhusu Bi Radhiya alisema kweli, hakuna aliyemgusa. Kuhusu mkeka alisema kweli. Hata matambara, alisema tu mafundi wa zamani, na kuvunjika kwa ukuta ilikuwa tahadhari.

"Ungependa nini, Mwalimu?" akaendelea, kwa upole kabisa. "Afe mle ndani? Umemuokoa. Mimi nilikuwa natafuta mtu mwema. Radhiya akiniona mimi hufunga dirisha. Wewe watu wakuamini, na hiyo ndiyo mali ya kwanza katika kazi hii. Nyumba huja baadaye. Sehemu yako ipo, sitakupunja."

Najua hatanipunja. Niliuweka ufunguo juu ya baraza nikaondoka, na nilipofika kona nikatazama nyuma: ulikuwa bado pale, hakuna aliyeugusa.

Jumanne, 27 Mei

Nilimwomba Bakr tukirudishe kitanda, yeye awe shahidi kwamba nilidanganywa. Akasema angeshuhudia alichokiona. Alichokiona ni kitanda kikitoka nje juu ya kichwa changu.

Jumamosi, 31 Mei

Dari imeanguka leo asubuhi, jua likiwaka, hakuna hata wingu. Nilisikia nikiwa sokoni. Nilipofika vumbi lilikuwa bado limesimama kichochoroni na watu wanakohoa. Nguzo zangu mbili zimevunjika katikati. Mahali pa godoro langu pana mawe mpaka kiunoni. Bwana Shuaib alikuwa pale na kikoi chake cha kazi, anawaambia watu wasikaribie, anauliza kama kila mtu ni mzima.

Jumatatu, 2 Juni

Roselyn aliniambia nirudi nyumbani, nisahau. Nikamwambia kwanza lazima Bi Radhiya aisikie kwangu.

Nilimkuta kwa Swafiya, ameketi juu ya kitanda chake, cherehani inalia chumba cha pili. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya kuanguka. Alikuwa anashukuru. Alinishika mkono akasema Mungu anilipe, akauliza kazi ya kujenga itaanza lini ili arudi kabla ya Idi. Nikamwambia yote. Sharuti, mlizamu, nilivyokula chungwa. Kwamba sikujua maana ya kitanda. Kwamba nimedanganywa na mtu niliyemwamini, yeye na mimi tumedanganywa pamoja.

Aliuachia mkono wangu. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa tena, akanitazama bila hasira yoyote. Ningeweza kuvumilia hasira.

"Si pamoja," akasema. "Mimi Shuaib sikumwamini hata siku moya, na hata siku moya hakupata kitu kwangu. Niliyemwamini ni wewe."

Kisha akamwita Swafiya aniletee chai.